Kilo zimeshuka, sasa ule kiasi gani?

Msimu wa harusi ukikaribia Dar es Salaam, najua kabisa nitakachokiona. Bibi harusi mtarajiwa anaacha ugali, anaacha sukari kwenye chai, anakula tango na yai la kuchemsha, na jioni anauzunguka uwanja wa shule mpaka giza linaingia. Miezi mitatu hivi. Siku ya sendofu gauni linaingia bila kupigana na zipu, mashangazi wanapiga vigelegele, picha zinatoka nzuri. Kisha inafika Jumatatu ya kwanza ya ndoa, na hakuna mtu, si somo wake, si shangazi, si mwalimu wa mazoezi aliyelipwa pesa zake, aliyewahi kumwambia siku hiyo ale nini.

Mwaka unaisha, kilo 8 kati ya 10 zimerudi, na ukoo mzima unasema hana msimamo. Nimeyaona haya kwa binamu zangu, kwa majirani, na mara mbili kwenye mwili wangu mwenyewe. Nakataa kabisa kuyaita kukosa msimamo. Mtu aliyevumilia njaa siku 90 ana msimamo wa kutosha. Alifundishwa kushuka, hakufundishwa kukaa.

Tazama kinachouzwa. Programu ya siku 21, changamoto ya siku 30, makundi ya simu ambako kila asubuhi mnatumiana picha za mizani. Picha mbili zinawekwa ubavuni, kabla na baada, na biashara inaishia hapo. Siku ya 22 haina mwalimu. Na sisi si wachache: utafiti wa taifa wa afya ya uzazi uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 ana uzito uliozidi, na ule wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Wengi ninaowajua mimi wameshajaribu kupungua na wamefanikiwa, kwa muda. Ndiyo maana naamini swali kubwa la lishe mijini kwetu si namna ya kupunguza kilo. Ni kiasi gani cha chakula kinamtosha mtu aliyekwisha kuzipunguza.

Kiasi hicho kina jina: kalori za kudumisha uzito. Ni wastani wa chakula cha siku ambacho ukikila kwa wiki kadhaa uzito haupandi wala haushuki. Ukiuliza kwenye simu utaletewa kikokotoo, na vikokotoo vingi vinatumia kanuni iliyochapishwa mwaka 1990, ya Mifflin na St Jeor. Kwa mwanamke, unazidisha kilo zako kwa 10, unajumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, unatoa umri uliozidishwa kwa 5, kisha unatoa 161. Inayopatikana ni nishati ya mwili ukiwa umelala tu. Mimi nina miaka 41, sentimita 165, na baada ya kushuka kutoka kilo 88 hadi 74 kanuni iliniambia 1,405. Baada ya hapo unatakiwa uzidishe kwa kiwango cha shughuli zako. Nikijiita mtu wa shughuli kidogo, 1.375, napata kalori 1,932. Nikijiita wa shughuli za wastani, 1.55, napata 2,178.

Angalia hapo. Neno moja nililolichagua mwenyewe, nikiwa nimekaa kitandani na simu, limebadilisha jibu kwa kalori karibu 250. Hiyo ni chapati moja ya mafuta kila siku ya Mungu. Tena kanuni yenyewe inajua mambo manne tu kuhusu mimi: kilo, urefu, umri na jinsia. Haijui kwamba nimetoka 88. Kwake mimi ni sawa na mwanamke mwingine wa kilo 74 ambaye hajawahi kulala na njaa kwa makusudi, na hilo si kweli.

Kwa nini si kweli? Wakati Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliokataa kupigana kwa sababu za imani, akawalisha kidogo kwa wiki 24, kalori kama 1,570 kwa siku kwa wastani, ili ajifunze namna ya kuwasaidia Wazungu waliokuwa wakifa njaa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nishati wanayotumia wakiwa wametulia ilishuka kwa takriban asilimia 40, zaidi ya vile kupungua kwa mwili peke yake kungeeleza. Lakini kilichonigusa mimi ni kilichotokea waliporuhusiwa kula watakavyo. Baadhi walikula zaidi ya kalori 5,000 kwa siku na bado wakasema wana njaa, tumbo likiwa limejaa. Na mafuta ya mwili yalirudi mbele, misuli ikafuata nyuma. Bibi harusi wetu anayekula tango kwa miezi mitatu yuko kwenye njia ileile, kwa kipimo kidogo.

Kuanzia hapo imezuka hofu kwamba dayati "inaua umetaboli," yaani kazi ya mwili ya kuchoma chakula kuwa nishati. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 2016, pale Kevin Hall na wenzake walipowapima washiriki 14 wa shindano la kupunguza uzito la televisheni ya Marekani, miaka 6 baada ya shindano. Walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na bado miili yao ilikuwa inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko miili ya ukubwa huo inavyotarajiwa. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Iliyofuata mwaka 2020 haikuzunguka: wanawake waliopunguza kilo kama 12 kwa dayati, wakaachwa uzito utulie wiki nne kabla ya kupimwa, walikuwa pungufu kwa kalori 50 tu hivi. Washiriki wa televisheni walipoteza kilo 58 kwa wastani ndani ya wiki 30, wakifanya mazoezi ya saa nyingi. Hayo si maisha ya mtu anayeenda kazini Kariakoo. Mimi nauweka mzani upande wa utafiti wa pili. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, kama nyumba ya vyumba viwili inavyohitaji rangi kidogo kuliko ya vyumba vitano, na juu yake kuna punguzo jingine dogo la mwili kujibana. Umetaboli haujafa.

Kinachowarudisha watu ni hamu ya kula. Huko Melbourne watafiti waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa wiki 10, na mwaka mzima baadaye homoni za njaa na za shibe zilikuwa bado hazijarudi zilikotoka: leptini, ya shibe, iko chini, na ghrelini, ya njaa, iko juu. Utafiti mwingine, wa 2016, ulitumia ujanja ambao naupenda sana. Kuna dawa ya kisukari inayotoa sukari kwenye mkojo, kalori kama 360 kwa siku, na mgonjwa hasikii chochote. Waliopewa dawa hiyo walipungua kilo chache kisha wakasimama, ingawa kalori ziliendelea kutoka kila siku. Walisimama kwa sababu walikuwa wameanza kula zaidi bila kujua. Watafiti walipopiga hesabu walikuta kwamba kila kilo inayotoka inaongeza hamu ya kula kwa kalori kama 100 kwa siku, huku matumizi ya mwili yakishuka kwa 20 hadi 30 tu. Hamu inavuta zaidi ya mara tatu.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa muda kwa sababu linabadilisha namna ya kumtazama mtu aliyerudisha kilo. Na linabadilisha swali pia. Kujua namba yako ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupika chakula kinachokuruhusu ukae kwenye namba hiyo bila kuota mkate usiku.

Tuanze na namba. Haikokotolewi, inapimwa. Nitaeleza nilivyofanya mimi, na hesabu zenyewe, kwa sababu nilipokuwa naitafuta elimu hii niliambiwa maneno matupu ya "sikiliza mwili wako." Mwili wangu wakati ule ulikuwa unasema njaa tu.

Nilimaliza kupungua nikila kalori 1,450 kwa siku kwenye daftari langu. Nikapanda hadi 1,950, karibu na pale kikokotoo kiliposema. Ndani ya siku 10 mizani ikapanda kilo 1.4. Nilishtuka, nikakaribia kurudi kwenye 1,450 siku ileile, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ile haikuwa mafuta. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu moja inakaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukiwa kwenye dayati ghala hilo linapungua. Ukianza kula vizuri linajaa tena, maji yanarudi nalo, na utumbo nao una chakula kingi zaidi ndani yake. Kilo moja hadi mbili zinarudi na hujanenepa hata kidogo. Ni sehemu ya zile kilo za haraka ulizozishangilia wiki ya kwanza ya dayati, ambazo nazo zilikuwa maji.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza zitupe, usizipigie hesabu. Baada ya hapo nilijipima kila asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, nikaandika, na kila Jumapili nikatafuta wastani wa siku saba. Wastani wa wiki ya tatu niliulinganisha na wa wiki ya saba. Kwa mwanamke anayepata hedhi, wiki nne ni muhimu, kwa sababu maji ya siku za kabla ya hedhi yanaweza kukudanganya kwa kilo nzima. Linganisha wiki na wiki ya mwezi uliopita iliyo mahali pamoja kwenye mzunguko. Nilikuwa nimepanda kilo 0.6 kwa siku 28. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, hivyo 0.6 ni 4,620, gawanya kwa 28 unapata 165. Nilikuwa nazidisha kalori 165 kwa siku. Toa 165 kwenye 1,950, inabaki 1,785. Namba yangu ni kama 1,800, si 1,932 wala 2,178.

Wapo wanaoshauri kupanda kwa kalori 50 kila wiki, wakisema hivyo unaufufua umetaboli. Kupanda polepole hakufufui chochote. Kunamrefushia tu mtu njaa kwa miezi miwili zaidi, ingawa kuna wanaotulia moyo wakipanda hivyo, na moyo kutulia si jambo dogo. Mimi ningesema panda kwa hatua mbili tatu kubwa, kisha simama upime.

Sasa, msomaji wa jikoni atauliza: kalori 1,800 utazijuaje wakati tunakula chungu kimoja? Programu za simu zinataka uandike kipande cha kuku cha gramu 120 na mkate wa kampuni fulani wenye maandishi nyuma. Kwetu kuna sufuria ya maharage ya nazi ya watu sita, kuna sinia, kuna mama anayekuongezea upawa mmoja ukigeuza uso. Watu wanajaribu wiki moja, wanachoka, wanasema hesabu za kalori ni za Wazungu.

Siyo. Ila tupime kabla ya moto, si baada yake. Ugali uliopikwa haupimiki vizuri, mmoja mgumu mwingine laini, maji tofauti. Unga mkavu haudanganyi: gramu 100 ni kalori kama 360. Nyumbani kwangu tunapika nusu kilo ya unga, kalori 1,800, tunaugawa kwa watu wanne, sehemu yangu ni 450. Mchele mkavu una kalori zilezile karibu na unga. Maharage makavu yanakaribia hapo, ila yana protini na nyuzi nyingi. Mchicha na kachumbari sihangaiki navyo kabisa, mpaka mafuta yaingie.

Na mafuta ndiyo penyewe. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, na hakuna anayepika kwa kijiko, tunamimina. Njia niliyoipata ni kuhesabu chupa. Andika tarehe kwenye chupa ya lita moja siku unayoifungua. Lita ya mafuta ina kalori kama 8,300. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa siku 5, ni mililita 200 kwa siku, kalori zaidi ya 1,600, ambayo kwa kila mtu ni 330 hivi kabla hajagusa unga wala mchele. Ikienda siku 8, kila mtu anaangukia kama 207. Hakuna aliyepima sahani ya mtu, hakuna aliyenyimwa, na bado kalori 120 zimeondoka kwa kila mmoja. Nazi nayo ni hivyo hivyo: tui la kwanza ndilo lenye mafuta mengi, na mboga nyingi zinapikika vizuri kwa tui la pili. Bibi zetu walilijua hilo kwa sababu ya kubana nazi, sisi tulijue kwa sababu nyingine.

Utasema makadirio haya yana makosa. Yana makosa, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndilo jambo lililonifungua macho. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu 10 walioapa kwamba wanakula kalori 1,000 tu na hawapungui. Kwa kipimo cha maji yenye alama, yaani maji maalumu ambayo mtu huyanywa kisha mkojo wake ukaonyesha nishati aliyotumia, ilibainika walikuwa wanakula kama 2,000. Hawakuwa waongo, walikuwa binadamu. Sisi sote tunaandika pungufu: andazi la ofisini, kuonja mchuzi, chakula alichobakiza mtoto. Ila kama unaandika pungufu kwa namna ileile kila siku, kosa lako halikuzuii. Ile 1,800 yangu huenda kwa kweli ni 2,000. Hainihusu. Ni 1,800 ya daftari langu, kwa upawa wangu na jicho langu, na kwa daftari hilohilo ndipo nitakaposhusha au kupandisha. Ndiyo sababu namba ya rafiki yako haikufai, hata kama mna urefu mmoja na kilo sawa. Amepima kwa kibaba chake.

Kibaba kinanikumbusha haba na haba. Methali hiyo watu wa lishe wanaitumia vibaya: kalori 100 za ziada kila siku, wanasema, ni kilo 4.7 kwa mwaka, kilo 47 kwa miaka 10. Hesabu ya 7,700 inafaa kwa wiki chache, haifai kwa miaka, kwa sababu mwili unaoongezeka unatumia zaidi, mpaka unafika mahali unasimama wenyewe. Hall na wenzake waliandika mwaka 2011 kwamba badiliko la kudumu la kalori kama 24 kwa siku huishia kwenye kilo moja, na nusu ya badiliko hutokea mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kalori 100 za ziada ni kilo 2 hivi mwaka wa kwanza, na kama 4 mwishoni. Kibaba kinajaa kisha kinaacha kujaa. Nayasema haya kwa mtu ambaye akila andazi moja nje ya mpango analala na hofu. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya Jumamosi aseme "basi nimeshaharibu," akamaliza sahani ya chipsi mayai na soda mbili.

Na mazoezi? Kuna watu wanaotufundisha jambo hapa, na ni majirani zetu. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania wanawinda, wanachimba mizizi, wanarina asali. Wanaume wanatembea kilometa kama 11 kwa siku, wanawake kama 6. Herman Pontzer na wenzake walipima watu wazima 30 kati yao kwa yale maji yenye alama, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia kalori sawa na Wamarekani na Wazungu wa kukaa ofisini. Mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo ukizidisha kwa 1.55 kwa sababu unaenda mazoezini mara tatu kwa wiki, ukala hiyo tofauti, utaumia.

Hata hivyo sisemi tukae. Daftari la Marekani la watu waliofanikiwa kudumisha uzito, lililoanzishwa na Rena Wing na James Hill mwaka 1994, linaandikisha waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hapo mwaka mzima au zaidi, na asilimia 90 kati yao wanafanya mazoezi, kama saa moja kwa siku kwa wastani. Robo tatu wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Mimi nasoma hivi: mazoezi yanawasaidia kukaa, kwa misuli, kwa usingizi, kwa kutulia, na kwa kuwapa saa moja mbali na sufuria. Kama hundi ya kununulia chapati, hayafai.

Sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa kila mahali hazifuti swali hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia waliotumia semaglutide na kuiacha: baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Hamu ilikuwa imezuiwa na dawa, na dawa ilipoondoka ikarudi. Na mtu anayetumia dawa za kisukari au presha asibadili kiasi cha chakula kwa daftari peke yake bila daktari wake, maana kipimo cha dawa huenda kikabadilika na uzito.

Kuna nguvu moja ambayo tafiti za Minnesota na Melbourne hazikuipima, na kwetu ni kubwa kuliko ghrelini. Ni sentensi ya maneno mawili: umekonda, unaumwa? Katika miaka ya 1980 wilayani Rakai, Uganda, ugonjwa uliokuja kujulikana kuwa Ukimwi uliitwa Slim, kwa vile ulivyowakausha watu. Kagera walipakana nao, msiba ukawafikia mapema. Mtu yeyote wa rika la mama yangu amemzika mtu aliyeanza kwa kukonda. Wanapotuona tumepungua kilo 14 hawaoni ushindi, wanaona kaburi. Unene kwao ni habari njema kwamba mwanao anakula, mumewe anamtunza, damu iko salama. Siwezi kumlaumu mtu kwa kumbukumbu ya namna hiyo, na siwezi pia kujifanya kwamba haiathiri sahani yangu. Wengi tunarudisha kilo mbili tatu za kwanza kwa ajili ya macho ya watu, ili maswali yaishe, na kilo hizo tatu zinafungua mlango wa nyingine.

Kwa sababu hiyo nashauri mtu anapofikia uzito anaoutaka azungumze na watu wa nyumbani mapema, kabla ya maswali. Awaambie kwa mdomo wake kwamba amepungua kwa kupanga na ni mzima. Na asiuweke uzito wake kwenye namba moja kama msumari. Wing alipofundisha watu kudumisha uzito, katika utafiti wa mwaka 2006, aliwapa rangi kama za taa za barabarani: ndani ya kilo moja na kidogo juu ya uzito walioanza nao kudumisha ni kijani, endelea, ukifika kilo mbili na robo au zaidi ni nyekundu, rudi kwenye hatua za kupunguza. Mimi nimejipa kilo 2 juu na 2 chini. Chini pia, kwa sababu kuendelea kushuka baada ya kufika nako ni dalili ya kuangaliwa; nimemwona mtu niliyempenda akishindwa kusimama.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumwona mama. Nilipanda basi la asubuhi, nikafika saa saba mchana, chakula kikiwa tayari: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, maembe. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu, mbona hivi? Unaumwa?"

"Hapana mama, mzima kabisa. Nimepungua kwa kutaka mwenyewe, nilikuambia kwa simu."

"Hukuniambia ni hivi."

Akanipakulia, akaongeza upawa. Nilikula. Siku tatu nilikula alichopika, bila daftari, tukakaa barazani mpaka usiku akinihadithia mambo ya mtaa. Jumatatu asubuhi Dar es Salaam mizani ilisoma kilo 75.8, yaani 1.8 juu ya pale nilipotoka. Niliandika 75.8. Sikupunguza kitu, nilikula 1,800 yangu kama kawaida. Jumapili iliyofuata wastani wa wiki ulikuwa 74.9, na ule wa wiki ya pili 74.3.